Nikon D750 ya mtumba na lenzi mbili: nikague nini ndani ya nusu saa, na bei halali nitaijuaje?

Fremu_Moja

Wakuu, habari za humu. Naomba msaada wa wanaojua vifaa.

Kuna mtu anauza kamera ya Nikon D750 pamoja na lenzi za AF-S 50mm f/1.8G na AF-S 24-120mm f/4G VR. Anasema shata (pazia linalofunguka na kujifunga kila picha inapopigwa) imepiga mara 62,000 na kila kitu ni safi kabisa. Anataka bei moja kwa vyote vitatu. Amekubali nikague kwa nusu saa mezani, nikiwa na kadi yangu na laptopu.

Naomba kujua mambo matatu. Hiyo hesabu ya shata naithibitishaje, na ina uzito gani kwenye bei? Kwenye lenzi natafuta nini hasa, maana kwa macho tu kila lenzi inang'aa? Na bei ya haki naipataje wakati kila tangazo linasema lake? Kazi yangu ni picha za watu na shughuli za ndani, video mara chache.

---

SensaSafi

Mkuu, nianze na bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Kabla hujaiwasha, igeuze utazame chini. Soma namba ya utambulisho uiandike. Kisha kagua vichwa vya skrubu: vikiwa vimechunika, mtu ameifungua, na muuzaji akueleze ni nani na kwa nini. Tazama ndani ya tundu la tripodi na ndani ya chumba cha betri. Kutu ya kahawia kwenye skrubu au ukijani kwenye vile vituo vya shaba ni dalili ya maji au betri iliyovuja. Ukikuta hivyo usiendelee na vipimo vingine. Kamera iliyoingia maji inaweza kufanya kazi leo vizuri tu na ikazima baada ya miezi miwili, kwa sababu kutu huendelea kula njia za umeme taratibu. Mpira wa kushikia uliovimba au kuachia usikutishe, ni gundi na mafuta ya mikono, hubadilishwa.

Hesabu ya shata: piga picha moja kwa kadi yako, ihamishe kwenye laptopu, kisha tumia ExifTool, ni programu ya bure. Amri ni hii: exiftool -ShutterCount -SerialNumber jina_la_picha.NEF. Nikon huandika vyote viwili ndani ya faili, kwa hiyo utaona hesabu na pia kama namba iliyo ndani inalingana na uliyosoma chini ya bodi. Zisipolingana, au kibandiko kikiwa kimekwanguliwa, rudisha kamera na uage. Usikubali picha uliyotumiwa kwa WhatsApp kuwa ushahidi, maana taarifa hizo hufutwa njiani.

Nikon iliipima shata ya D750 kwa mizunguko 150,000. Hicho ni kiwango cha majaribio, si siku ya kufa. Zipo zinazopita mbali na zipo zinazoharibika mapema. Kwa modeli hii kuna jambo la ziada: Nikon ilitangaza matengenezo ya bure ya shata kwa baadhi ya D750, mwaka 2015 kwanza, kisha orodha ikapanuliwa 2016 na 2017. Dalili ilikuwa sehemu ya picha kutoka na kivuli cheusi. Ingiza namba ya utambulisho kwenye ukurasa wa Nikon wa tangazo hilo uone kama imo kwenye orodha, na kama imo muulize muuzaji karatasi ya matengenezo.

Kuipima shata mwenyewe: nenda dirishani kwenye mwanga wa jua, elekeza kamera kwenye ukuta au karatasi isiyo na michoro, weka kasi ya 1/4000, apecha (tundu la lenzi linalopitisha mwanga) wazi, kisha piga mfululizo fremu 30 hivi. Zipitishe haraka kwenye laptopu. Fremu zote zitoke na mwangaza mmoja, bila mkanda mweusi juu wala chini. Usifanye jaribio hili chini ya taa za LED au za mirija. Taa hizo hupepesa, na kwa kasi hiyo zitakuchorea mistari ambayo utaidhania ni ubovu wa shata. Wengi wameacha kamera nzima kwa sababu hiyo.

Sensa: ISO 100, hali ya A (wewe unachagua apecha, kamera inachagua kasi), f/16 yaani apecha ndogo, fokasi uitoe kwa mkono hadi picha iwe na ukungu, piga karatasi nyeupe huku ukitikisa kamera kidogo ili nyuzi za karatasi zipotee. Ongeza kontrasti kwenye laptopu. Madoa ya kijivu yenye kingo laini ni vumbi, pampu ya mkono huyaondoa. Madoa ya duara yenye kizingo ni mafuta, hayo yanataka kusafishwa kwa majimaji maalumu. Mstari mwembamba mkali usiohama baada ya kusafisha ni mkwaruzo, na huo hautoki. Doa lililo juu kushoto kwenye picha utalikuta chini kushoto ukiitazama sensa kwa mbele, usije ukatafuta upande usio wake.

Betri: menyu ya mipangilio ina taarifa za betri. Umri huonyeshwa kuanzia 0 hadi 4. 0 ni mpya, 4 ni ya kutupa.

Mwisho jaribu nafasi zote mbili za kadi, kila kitufe, kila gurudumu, kioo kinachoinuka, flashi ya juu na soketi ya flashi ya nje. Dakika tano zinatosha.

---

TochiNaKioo

Upande wa lenzi, nenda na tochi ndogo yenye mwanga mkali na kitambaa safi. Zima taa ya chumba ukiweza.

Vua filta kwanza. Muuzaji akikuambia imegoma kutoka, jua kwamba pete ya mbele huenda imebonyea, na lenzi yenye pete iliyobonyea ilidondoka au iligongwa. Hapo usiishie kwenye pete. Kipigo cha mbele husafiri hadi kwenye vioo vya ndani na kuvihamisha.

Lenzi hizi mbili hazina pete ya apecha, na zikiwa nje ya kamera apecha hukaa imejifunga. Kuna kijiti kidogo cha chuma nyuma, karibu na pete inayofunga kwenye bodi. Kisukume kwa ukucha, apecha itafunguka. Kishikilie hivyo, mulika kutoka nyuma kwa mshazari, kisha chungulia kwa mbele huku ukiizungusha lenzi polepole. Usiangalie ule mwanga moja kwa moja. Unachotaka ni vile vitu vinavyong'aa mwanga ukipita pembeni yake.

Utaona vumbi. Kila lenzi ya zumu inayo, hasa hii 24-120 ambayo hurefuka na kuvuta hewa. Chembe ishirini za vumbi hazionekani kwenye picha, usizikatie bei. Kinachotakiwa kukushtua ni vitu vitatu.

Kwanza kuvu. Ina umbo la nyuzi zenye matawi, kama utando, na mara nyingi huanzia ukingoni mwa kioo kuelekea katikati. Hukua lenzi inapokaa gizani kwenye unyevu mkubwa, na majimaji inayotoa hula kipako cha kioo. Fundi anaweza kuiua na kuifuta, lakini palipoliwa pamebaki palipoliwa. Pili, ukungu: kioo kizima au sehemu yake kina rangi ya maziwa tochi ikipita. Huo hauonekani kwenye picha ya kawaida, ila elekeza lenzi kwenye dirisha lenye mwanga na kontrasti itaporomoka, weusi unakuwa kijivu. Tatu, gundi kuachia kati ya vioo viwili vilivyobandikwa: kwenye ukingo unaona rangi za upinde wa mvua au mapovu yaliyolala. Hiyo haitengenezeki kwa gharama yenye maana kwa lenzi za daraja hili.

Mkwaruzo mwembamba kwenye kioo cha mbele hauna madhara makubwa. Mkwaruzo huohuo kwenye kioo cha nyuma una madhara, kwa kuwa uko karibu na sensa na hutawanya mwanga palepale. Kwa hiyo kioo cha nyuma kitazame mara mbili.

Sasa achia kile kijiti. Apecha ifunge papo hapo, kwa kishindo kidogo. Ikijifunga kwa uvivu, mabapa yanayounda apecha yana mafuta. Mafuta hutoka kwenye grisi ya pete za fokasi na zumu iliyoyeyuka kwa joto, mfano lenzi iliyokaa kwenye gari juani. Thibitisha kwa picha: hali ya A, kamera isisogee, piga f/4, f/8, f/16 kwenye kitu kilekile. Kamera hurekebisha kasi yenyewe, kwa hiyo picha zote tatu zilingane mwangaza. Ya f/16 ikitoka nyeupe kuliko zenzake, mabapa yamechelewa kujifunga na mwanga umeingia kupita kiasi.

Fokasi ya AF-S: toka karibu kabisa hadi mbali kabisa mara kumi. Sikiliza. Sauti laini ni sawa, mlio wa kukwaruza au mota kusita katikati ya safari si sawa. Kwenye 24-120 washa VR (kituliza mtetemo), weka 120mm, bonyeza nusu. Picha kwenye tundu la kutazamia itatulia kama imeshikwa. Kuruka kidogo inapozimika ni kawaida, kutetemeka kwa nguvu ni ubovu.

Kipimo ambacho wengi hukisahau ni kusawazika kwa vioo. Simama sambamba na ukuta wa matofali au kabati la vitabu, tumia Live View (kutazama kwa skrini ya nyuma) kuweka fokasi, apecha wazi kabisa, piga kwa 24mm, 50mm na 120mm. Linganisha pembe nne kwa ukubwa wa asilimia 100. Pembe zote kuwa laini kidogo ni tabia ya lenzi. Pembe moja kuwa laini kuliko tatu ni dalili kwamba kioo kimeinama. Ili usijidanganye, geuza kamera juu chini urudie palepale. Ulaini ukibaki upande uleule wa fremu, tatizo ni lenzi. Ukihamia upande wa pili wa fremu, wewe ndiye hukusimama sambamba na ukuta.

---

Zumu120

Naongeza jambo moja ambalo halijaguswa. Kabla ya kupima fokasi, fungua menyu ya kurekebisha fokasi ya bodi, ile yenye kipimo cha −20 hadi +20. Ukikuta lenzi yake imehifadhiwa kwa −18, basi mwenyewe alishaona kuna tatizo akalifunika kwa menyu. Kirekebishi kizime, kisha pima upya: piga kitu bapa kwa fokasi ya tundu la kutazamia, halafu kwa Live View, zote kwa f/1.8 na ile 50mm. Live View husoma sensa yenyewe, kwa hiyo ndiyo kipimo. Tofauti ya pointi 3 au 4 ni ya kawaida. Ikifika mwisho wa kipimo, ama lenzi ama kioo cha ndani cha bodi kimehama.

Na hesabu ya shata mnaipa heshima kubwa mno. Inahesabu picha tu. Bodi yenye 15,000 iliyorekodi video kila wikiendi sensa yake na bodi za umeme zimepata joto kuliko yenye 90,000 ya studio. Tazama soketi ya HDMI na ya maikrofoni: zikicheza ukitikisa kebo, au rangi pembeni mwake imelika, hiyo ilikuwa kamera ya video hata shata ikisema vinginevyo. Kwa 62,000 ningeacha kuifikiria shata nikatumia muda huo kwenye lenzi, kwa sababu hapo ndipo pesa nyingi inapopotea.

---

SensaSafi

@Zumu120 kwenye video tuko pamoja. Ila shata usiitupe kabisa, kwa sababu ina gharama inayojulikana, na kitu chenye gharama inayojulikana ni rahisi kukiweka kwenye bei. Mdau wa bei atakuja kueleza.

---

Bei_Halisi

Bei. Bei ya tangazo ni ombi la muuzaji, bei iliyolipwa ndiyo soko. Tovuti kubwa za mnada zina sehemu ya kuchuja vilivyouzwa tayari. Chukua mauzo kumi ya karibuni ya bodi peke yake, toa yale yasiyo na picha za kutosha na yale ya vifaa vibovu, kisha chukua ya katikati, si wastani. Wastani huvutwa na moja iliyouzwa ghali. Fanya hivyo kwa kila lenzi peke yake. Bei moja kwa vyote ndiko vitu vibaya hujificha nyuma ya vizuri, kwa hiyo hata kama anauza kwa pamoja, wewe kichwani uza kimoja kimoja.

Kisha kata gharama ya matengenezo. Tuseme bodi nzuri ni 100, na fundi uliyemuuliza anabadilisha shata kwa 30. Ikiwa 62,000, usikate kitu. Ikiwa 130,000, kata 15, yaani mgawane hatari nusu kwa nusu. Ikiwa imeshapita 150,000, kata 30 zote. Piga simu kwa fundi kabla ya kwenda, usikadirie, na muulize pia kama vipuri vya modeli hiyo bado vinapatikana. Vikiwa vimekwisha, hesabu hii yote inavunjika na kila kasoro inakuwa nzito mara mbili.

Vitu ambavyo wauzaji huvitaja ili kupandisha bei: mkoba, filta za bei rahisi, betri zisizo za kiwanda, kadi za zamani. Vyote hivyo viweke sifuri au karibu na sifuri. Betri asili ya EN-EL15 yenye umri 0 au 1 ina thamani yake. Boksi na karatasi havibadilishi picha, huongeza kidogo kwa sababu utauza haraka siku ukitaka kuuza.

Lingine ni mfumo wenyewe. Nikon ilianza mfumo mpya wa Z mwaka 2018 na soko limehamia huko, kwa hiyo bodi za F, mfumo wa zamani wa D750, zitaendelea kushuka. Lenzi zako mbili zina nafuu: zote ni AF-S, zina mota ndani, na zikifungwa kwa adapta ya FTZ kwenye kamera ya Z zinaweka fokasi zenyewe. Angekuletea 50mm f/1.8D ya zamani, hiyo haina mota na kwenye FTZ ungeizungusha kwa mkono. Hiyo ni sababu ya kulipa zaidi kwenye lenzi na kubana kwenye bodi.

Akiwa dukani na akakupa dhamana ya maandishi ya miezi sita, ningemwongezea hadi sehemu moja ya tano juu ya bei ya mtu binafsi. Bila dhamana, hapana.

---

Fremu_Moja

Wakuu, shukrani. Nimekagua, haya ndiyo majibu. ExifTool: 62,418, na namba ya utambulisho inalingana. Haimo kwenye orodha ya matengenezo ya shata. Fremu za 1/4000 ziko sawa zote. Sensa ina madoa saba laini. Betri mbili, moja ya kiwanda ina umri 2, nyingine si ya kiwanda. 50mm iko safi, f/4 hadi f/16 zinalingana.

24-120 ndiyo inanitia shaka. Picha ya f/16 ilitoka nyeupe kuliko ya f/4, tena si kila mara, mara ya tatu ilikaribia kulingana. Na kwa tochi nimeona nyuzi tatu fupi ukingoni mwa kioo cha ndani, hazifiki katikati. Picha za f/8 naziona nzuri tu. VR na fokasi havina shida. Nilimwomba asubiri hadi kesho. Nifanyeje?

---

TochiNaKioo

50mm kulingana kwa f/16 kwenye bodi ileile kunaisafisha bodi: mkono wake wa kusukuma apecha hauna kosa. Kwa hiyo ni mabapa ya 24-120. Kule kubadilikabadilika ndiyo alama ya mafuta. Ukipiga mara kadhaa mabapa hulainika kidogo, ukiiacha ikapoa hurudi kuwa mazito. Kwa shughuli za ndani utakuwa unapiga f/4 muda mwingi na hutaona chochote, halafu siku moja ukitoka nje na f/11 picha zinaungua.

Nyuzi tatu ukingoni ni kuvu changa. Picha ya f/8 haiwezi kukuonyesha madhara yake, jaribu kuelekea dirishani kama nilivyosema. Habari njema ni kwamba kazi zote mbili zinataka lenzi kufunguliwa, kwa hiyo gharama ya kufungua na kusawazisha utailipa mara moja. Muulize fundi bei ya kusafisha mabapa na kioo cha ndani kwa pamoja, na masharti yawe kwamba atakupigia picha kioo kikishafutwa, ili uone kama kipako kimeliwa.

---

Bei_Halisi

Basi hesabu ni hii. Bodi: bei kamili ya katikati. Betri ya umri 2 ni ya kawaida, na madoa ya sensa ni kazi ya pampu. 50mm: bei kamili. 24-120: bei ya katikati, toa gharama ya fundi, kisha toa sehemu moja ya tano tena, kwa kuwa kipako kikiwa kimeliwa siku ya kuiuza utalazimika kusema. Mwonyeshe muuzaji picha zako za f/4 na f/16 zikiwa pembeni kwa pembeni, na tochi aishike yeye mwenyewe. Akikataa kushusha, mwombe bodi na 50mm tu. Mwenye 24-120 yenye kuvu atapata tabu kuiuza peke yake, kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa akakubali bei yako ya vyote.

---

TochiNaKioo

Ukiichukua, usiiweke kwenye mkoba wa zamani wa muuzaji, huo ndio uliobeba unyevu. Iweke kwenye kasha la plastiki lenye kifuniko cha mpira, pamoja na silica gel na kipima unyevu kidogo, ubaki kati ya asilimia 40 na 50. Chini sana ya hapo grisi na mpira hukauka, juu ya 60 kuvu hupata nafasi. 50mm na bodi vikae humohumo. Silica gel ya rangi ikibadilika, ioke kwenye jiko la oveni kwa nyuzi joto 120 kwa saa moja au mbili, iache ipoe ndani ya chombo kilichofungwa, kisha irudishe. Na risiti iandikwe namba za utambulisho za bodi na za lenzi zote mbili, pamoja na maneno kwamba 24-120 imeuzwa ikiwa na kuvu na apecha nzito.